Maswali ya Wasomaji: Kuhesabu Ndege, Kulinda Kinamasi

Barua za safari hii zimetoka Entebbe, Kampala, Masaka, Jinja na Fort Portal. Karibu zote zinauliza jambo moja: anayependa ndege na mazingira ataingiaje kwenye kazi ya pamoja, na atafanya nini akifika. Majibu hayalingani kwa urefu, kwa sababu maswali nayo hayalingani kwa uzito.

Wahariri, salaam. Nafanya kazi hotelini Entebbe. Napenda ndege tangu utotoni lakini sina darubini wala sikusoma baiolojia. Nasikia kuna matembezi ya pamoja. Nijiunge wapi, na nisije nikaonekana mzigo? – Mhudumu wa hoteli, Entebbe

Dada, anza na NatureUganda. Hiyo ndiyo inayobeba Uganda kazi ya jumuiya ya historia asilia ya Afrika Mashariki iliyoanza mwaka 1909, na ndiyo mshirika nchini wa BirdLife, shirika la kimataifa la kulinda ndege. Huandaa matembezi na mihadhara ya wazi, na kila mwaka huwa na siku moja ambapo vikundi huzagaa nchi nzima kuandika ndege wote wanaoonekana. Wanawake wanayo pia Uganda Women Birders, ambako mgeni hupata wa kumshika mkono bila maringo. Kalenda ya dunia ni rahisi kukumbuka: Jumamosi ya pili ya Mei na Jumamosi ya pili ya Oktoba ni siku za ndege wahamaji, na siku hizo hizo watu ulimwenguni kote huhesabu ndege na kuandika hesabu zao kwenye eBird, tovuti ya kumbukumbu za ndege.

Kuwa mzigo ondoa wasiwasi. Kundi zuri lina watu wanane hadi kumi na wawili kwa kiongozi mmoja, linakwenda kilomita moja au pungufu kwa saa, na siku zote linahitaji mtu wa kuandika. Omba uandike. Mwandishi husikia kila jina likitajwa, huuliza ametambuliwaje, na ndani ya miezi michache huwa anawasahihisha wengine.

Huna darubini, lakini unayo Bustani ya Mimea ya Entebbe, iliyoanzishwa mwaka 1898, na ndege wake wengi ni wakubwa na hawaogopi sana watu. Jifunze kwanza wachache kwa umbo na sauti: kwarara, fundichuma, furukombe, hondohondo, mdiria, kasuku wa kijivu na kulukulu mkubwa wa buluu. Ukiwatambua hao bila kufikiri, macho yatakuwa na nafasi ya kuona wengine. Nenda mapema. Uganda jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja asubuhi mwaka mzima, na kufikia saa nne ndege wengi wa miti wamenyamaza.

Ndugu wahariri, muuzaji mmoja Kampala ananipa darubini ya 20x50 kwa bei chee. Anasema inavuta kuliko ya 8x42. Ninunue? – Fundi baiskeli, Jinja

Usinunue. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Ukuzaji wa mara 20 unakuza pia mtetemo wa mkono. Bila kigoda cha miguu mitatu cha kuiwekea darubini, ndege atacheza mbele ya macho yako. Halafu gawanya namba ya pili kwa ya kwanza. Kwa 20x50 unapata milimita 2.5, kwa 8x42 unapata zaidi kidogo ya 5. Huo ndio upana wa mwanga unaoingia jichoni, na alfajiri ndani ya msitu wa Mabira tofauti yake ni ndege mwenye rangi dhidi ya kivuli cheusi. Tena ukuzaji mkubwa hubana eneo unaloliona, na ndege mdogo anayerukaruka hutamkamata.

Ukiwa dukani, toka nje nayo. Funga jicho la kulia, lenga maandishi ya mbali kwa jicho la kushoto ukizungusha gurudumu la katikati. Kisha funga la kushoto na urekebishe la kulia kwa pete ndogo iliyo kwenye kioo cha jicho. Ukitazama kwa macho yote mawili na kuona picha mbili, au kichwa kikaanza kuuma baada ya dakika mbili, vioo vya ndani vimekaa upande. Iache. Hilo hutokea sana kwa darubini za mitumba zilizowahi kuanguka, na kulirekebisha kwaweza kukugharimu kuliko bei uliyonunulia. Mwenye miwani akunje chini mipira inayozunguka vioo vya macho, asiye na miwani aitoe nje.

Mwezi Januari kuna kazi ya kuhesabu ndege wa maji. Nimealikwa Lutembe. Nini hasa kinafanyika, na kwa nini Januari? – Mwanafunzi, Kampala

Januari kwa sababu wageni kutoka Ulaya na Asia wameshafika na wametulia, na kwa sababu nchi nyingi za Afrika na Ulaya zinahesabu katika mwezi huo huo. Ndege aliyehesabiwa Lutembe leo hatahesabiwa nchi nyingine mwezi ujao akiwa njiani. Shirika la Wetlands International ndilo linalokusanya hesabu hizo. Lutembe, kwenye Ziwa Victoria, ni ardhioevu ya Ramsar, yaani inayotambuliwa na mkataba wa kimataifa wa ardhioevu, tangu mwaka 2006, sawa na Mabamba, na sifa yake ni makundi makubwa ya buabua mabawa-meupe yanayolala pale.

Hakikisha timu yenu ina watu watatu au wanne na kila mmoja ana kazi yake. Mmoja anatazama kwa darubini ya kigoda, mmoja kwa darubini ya mkono, mmoja anaandika na haangalii chochote ila karatasi. Kabla ya kuanza, jazeni jina la eneo, mipaka mliyopewa, saa ya kuanza, hali ya hewa, kimo cha maji na usumbufu uliopo, kama vile wavuvi, ng'ombe au shughuli ya kuchimba mchanga. Simameni jua likiwa mgongoni. Kundi lililo mbele ya jua ni madoa tu, na shakwe na buabua watachanganyika.

Kundi kubwa halihesabiwi mmoja mmoja. Hesabu kumi kwa makini, macho yashike ukubwa wa eneo la hao kumi, kisha songesha kipimo hicho juu ya kundi: kumi, ishirini, thelathini. Kundi likizidi elfu, panua kipimo hadi mia. Zoezi lake linafanyika nyumbani: mwaga mahindi juu ya sinia, kadiria kwa sekunde tano, ndipo uhesabu. Wanaoanza karibu wote hukadiria chini, na kadiri kundi linavyokuwa kubwa ndivyo kosa linavyozidi. Fanya zoezi hilo kila jioni kwa wiki moja kabla ya siku yenyewe, utajua kosa lako linaegemea wapi. Mkipiga picha ya kundi papo hapo mtaweza kulihesabu tena mezani.

Makosa yanayoharibu kazi si ya kutotambua ndege. Kosa kubwa ni mipaka. Mwaka huu timu inaishia kwenye mti ule, mwakani inaongeza ghuba ya pili kwa kuwa kuna ndege wengi, na miaka mitano baadaye mtu anaandika kwamba ndege wameongezeka. La pili ni kuhesabu mara mbili: kundi linaruka kutoka sehemu mliyomaliza na kutua sehemu mnayoiendea. Mwandishi aweke mstari wa pembeni kwa ndege wanaopita, aandike idadi, saa na upande walikoelekea, ndipo mwisho mtoe waliokwishahesabiwa. La tatu ni aibu. Kitwitwi usiyemjua aandikwe "kitwitwi asiyetambulika, 14". Jina la kubahatisha ni baya kuliko nafasi tupu, maana nafasi tupu haimdanganyi mtu. Na kama mmefika mkakuta hakuna ndege hata mmoja, andikeni sifuri na mpeleke fomu. Sifuri nyingi hupotea kwa sababu watu hudhani hazina kazi.

Kuhusu nauli na chakula, uliza kabla ya siku. Waandaaji wengine hugharimia usafiri, wengine hawana kitu, na hakuna ubaya kuuliza.

Katika kinamasi kilicho chini ya mashamba yetu korongo taji wametaga. Vijana wa kijiji wanataka kuunda kikundi cha kuwalinda, lakini wazee wanalalamika kwamba ndege hao wanang'oa mahindi. Tufanyeje? – Mkulima, wilaya ya Masaka

Mzee wetu, swali lako ndilo zito kuliko yote. Korongo taji yumo kwenye bendera ya taifa na timu ya mpira imebeba jina lake, lakini tangu mwaka 2012 ameorodheshwa miongoni mwa viumbe walio hatarini. Vinamasi vinakaushwa, mayai na vifaranga vinachukuliwa, sumu inatumika, na nyaya za umeme zinawaua.

Tuanze na kiota. Hutaga mayai mawili hadi manne, na huatamia kwa siku 28 hadi 31 kwa zamu, dume na jike. Mtu akikaribia, ndege huinuka; yai likiachwa juani hupata joto, na kunguru hupata nafasi. Zaidi ya hapo, nyasi ulizozikanyaga zinabaki zimelala, na njia hiyo itafuatwa na watoto na mbwa hadi kiotani. Kwa hiyo kikundi kisiende kwenye kiota hata siku moja, hata kuhakikisha mayai ni mangapi. Chagueni mahali palipoinuka, mita mia mbili au zaidi, mtazame kwa darubini mara moja kwa wiki. Ndege akianza kulia kwa mfululizo au kutembea akiwa amekunjua mabawa kama aliyeumia, ninyi ndio mliomfanya hivyo. Rudini nyuma.

Daftari liwe na tarehe, saa, idadi ya wakubwa, idadi ya vifaranga na waliokuwepo karibu, watu au mifugo. Vifaranga hutembea mapema sana baada ya kuanguliwa na hufuata wazazi kwenye nyasi, lakini huchukua miezi miwili hadi mitatu kabla ya kuruka. Hapo ndipo wengi hupotea. Mtu anamkuta kifaranga "ameachwa" na kumpeleka nyumbani kwa huruma. Hakuachwa, wazazi wamejificha wakisubiri mtu aondoke. Kumweka nyumbani bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019. Na picha zenye kuonyesha mahali zisiwekwe kwenye makundi ya WhatsApp. Wanunuzi wa vifaranga nao wana simu.

Sasa mahindi. Wazee wana haki. Korongo huchimbua mbegu na kung'oa miche michanga, na kikundi kitakachowaambia wavumilie kwa ajili ya taifa hakitamaliza msimu. Hasara kubwa hutokea kwa muda mfupi: tangu kupanda hadi mche uwe na nguvu, takriban wiki mbili hadi tatu. Kazi ya vijana iwe hapo. Wagawane zamu za kulinda mashamba yaliyo karibu na kinamasi, asubuhi na alasiri, kwa kutembea tu na kuwafukuza bila mawe. Sanamu ya kutisha ndege husaidia ikihamishwa kila siku. Ikikaa mahali pamoja siku tatu, korongo watakula chini yake. Mkipanda jirani wote kwa wiki moja, hasara hugawanyika badala ya kumwangukia yule aliyewahi. Jambo lisilo na mjadala ni sumu: mbegu iliyochanganywa na dawa ya kuua wadudu inaua korongo, kisha mbwa, kuku, na tumbusi watakaokula mizoga.

Wachungaji nao waingizwe tangu mwanzo. Waombeni wasipitishe ng'ombe upande wa kiota kwa mwezi mmoja, wafunge mbwa, na wasichome nyasi hadi vifaranga waruke. Ni maombi ya muda wenye mwisho, na watu hukubali jambo lenye mwisho. Mweleze mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, kwanza, kisha ofisa mazingira wa wilaya. Shirika la International Crane Foundation hufanya kazi na jamii za kusini-magharibi mwa nchi, na mkiwa na daftari la miezi sita mkononi mtasikilizwa haraka kuliko mkiwa na barua ya maombi pekee.

Tunataka kufanya usafi wa ufuko wa ziwa siku ya Jumamosi. Watu arobaini wamejiandikisha. Tunahitaji nini? – Kikundi cha vijana, Jinja

Jambo la kwanza si magunia, ni kichocho. Minyoo yake hupenya ngozi ndani ya maji ya ziwa, hasa pembeni penye majani na konokono. Asiyevaa gambuti asiingie majini hata hadi kifundoni. Taka zilizo ndani ya maji waachieni wavuvi wenye mtumbwi, na kila aliyemo avae jaketi la kuokolea maisha.

La pili ni lori. Pangeni na ofisi ya jiji siku na saa ya kubeba taka, mpate jina la mtu wa kumpigia. Bila hivyo mtarundika magunia sitini kando ya ziwa na mvua ya kwanza itayarudisha majini. Chupa za plastiki zitengwe, wapo wanaozinunua kwa kilo. Vipande vya nyavu na uzi wa kuvulia vikatwe vifupi kabla ya kutiwa gunia, maana uzi mrefu hufunga miguu ya ndege hata ukiwa jalalani.

Watu arobaini wagawanywe kwa vikundi vya watu wanane, kila kikundi na mita mia moja zake, glavu kwa kila mtu, maji ya kunywa, na mmoja wa kuhesabu taka kwa aina. Mkirudi baada ya miezi mitatu kwenye mita zile zile mtajua taka zinatoka wapi: ikiwa ni mifuko na chupa, ni mtaro wa mjini, ikiwa ni nyavu, ni mwalo.

Msikate mafunjo wala matete ili pawe "pasafi". Kwera hujenga humo. Magugumaji yanaweza kuvutwa, lakini tazameni kwanza juu yake, kuna ndege wenye vidole virefu wanaotaga kwenye majani yanayoelea. Yakitolewa yapelekwe mbali na maji, kwa sababu kipande kidogo kikirudi kinaota upya.

Tukikuta ndege wengi wamekufa ufukweni tuwazike? – Mvuvi, Entebbe

Msiwaguse, wala wasiliwe, wala kuku na bata wasikaribie. Mpigieni ofisa mifugo wa wilaya na mueleze mahali, aina ya ndege na idadi. Januari 2017 mafua ya ndege yalithibitishwa nchini baada ya ndege wahamaji kufa kwa wingi kwenye fukwe za Ziwa Victoria karibu na Entebbe. Ndege mmoja aliyejeruhiwa ni jambo jingine: mtie kwenye boksi lenye matundu, gizani, bila chakula wala maji ya kumlazimisha, na uwasiliane na kituo cha elimu ya wanyamapori cha Entebbe.

Mimi ni mwalimu karibu na Fort Portal. Watoto wetu wa klabu ya mazingira wanachoka haraka na orodha ya majina. Kuna njia ya kuhesabu inayofaa shule isiyo na vifaa? – Mwalimu, Kabarole

Ipo, na imetumika Uganda kwa miaka mingi, hasa kupitia kazi ya Profesa Derek Pomeroy wa Chuo Kikuu cha Makerere. Inahitaji saa ya mkononi na karatasi. Gawanya saa moja katika vipande sita vya dakika kumi. Kila aina ya ndege huandikwa mara moja tu, pale anapoonekana au kusikika mara ya kwanza. Aliyeonekana katika dakika kumi za kwanza anapata alama 6, za pili 5, na kuendelea hadi 1. Asiyeonekana anapata 0. Idadi ya ndege haihesabiwi kabisa. Anayejitokeza mapema siku nyingi ndiye wa kawaida mahali hapo.

Watoto huipenda kwa sababu ina alama na ina mbio. Lakini saa moja peke yake haisemi kitu. Rudieni mara kumi katika eneo lile lile, saa ile ile ya asubuhi, kisha tafuteni wastani wa kila ndege. Fanyeni pia kwenye shamba la mikaratusi na kwenye bustani yenye miti ya asili kama mituba na misizi, mlinganishe. Hesabu ya darasani itakuwa imepata kazi.

Wekeni sharti moja: aina ya ndege haiandikwi mpaka watoto wawili wawe wamemwona au kumsikia. Programu ya simu ya kutambua sauti isipewe kura. Ni msaada mzuri wa kuelekeza macho, lakini kurumbiza huiga sauti za ndege wengine, na simu itawaandikia ndege ambaye hakuwepo. Wala msicheze sauti ya ndege kwenye simu ili atokee. Huacha kulisha makinda aje kupigana na adui asiyekuwepo.

Kwa safari ya mafunzo, Bigodi iko jirani yenu, kando ya msitu wa Kibale. Kinamasi kile kinasimamiwa na wanajamii kupitia KAFRED, chama chao cha maendeleo na mazingira, tangu mwaka 1992, na mapato ya wageni yamesaidia shule. Watoto wataona watu wa vijiji vya kawaida wakiishi kwa kuwaonyesha wageni kulukulu. Wekeni nafasi mapema, nendeni asubuhi, na muwe na gambuti msimu wa mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba.

Je, ni kweli mtu anaweza kukamatwa kwa nguo za kutazamia ndege? – Msomaji, Kampala

Kwa nguo zenye mabaka ya kijeshi, ndiyo. Uganda raia haruhusiwi kuzivaa wala kuwa nazo, hata kofia, hata iwe zawadi kutoka nje. Kijani kilichopauka, kahawia au kaki vinatosha. Darubini usiielekeze kwenye kambi, mabwawa ya umeme wala uwanja wa ndege, hata kama tai ametua juu ya nguzo yao. Droni ina kibali chake. Na ukiingia kijiji usichokijua, ofisi ya kwanza ni ya LC1: sema jina lako, unachokifanya, utatoka saa ngapi. Onyesha kitabu chenye picha za ndege. Mara nyingi mwenyekiti atakuitia kijana wa kukuonyesha njia. Mpatane posho yake kabla ya kuondoka.